Tulivyonyoa Watu Wakiwa Usingizini

Jambo la kipumbavu nililofanya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi, ni kusema naweza. Mzee Gathogo aliniuliza, "Kijana, unaweza kunyoa?" Nami nikajibu, "Naweza," kwa sauti ile ile ninayotumia darasani nikiulizwa kama nimemaliza kazi ya nyumbani. Sikuwa nimewahi kunyoa kiumbe chochote. Ndevu zangu mwenyewe zilikuwa bado ni uvumi.

Sasa nimestaafu. Niko kidato cha tatu, nina miaka kumi na saba, na nimeona ni vizuri niwaachie maandishi nyinyi wadogo zangu wa Waithaka, ambao mama zenu watawapeleka kwa Mzee Gathogo likizo zijazo, vile wangu alivyonipeleka. Habari za mshahara nitaziruka, kwanza kwa heshima, na pili kwa sababu hazitoshi kujaza mstari.

Duka letu la kinyozi liko ghorofa ya kwanza, River Road. Chini kuna wauza kava za simu, mhubiri mwenye kipaza sauti na magari yanayopigiana honi kana kwamba yanadaiana jibu. Lakini ukipanda zile ngazi, kelele zinabaki nyuma kama viatu vilivyovuliwa mlangoni. Juu kuna mvuke. Kuna sufuria kubwa ya taulo inayochemka polepole kutwa nzima, kuna harufu ya spiriti na poda, na kuna vioo vinavyotazamana, kwa hivyo ukisimama katikati unajiona wewe, nyuma yako wewe mwingine, na nyuma yake wengine wengi wanaozidi kuwa wadogo na wa kijani, mpaka yule wa mwisho ambaye pengine bado hajazaliwa. Mchana jua likiingia kwa dirisha, vipande vya nywele hewani vinaelea kama samaki wadogo. Siku zangu za kwanza nilidhani nimeajiriwa chini ya maji.

Kama hamjawahi kunyolewa mjini, kazi inaenda hivi. Mwanamume anakunyoa kwenye kiti. Ukimaliza unaenda kwa sinki, msichana anakuosha kichwa, anakusugua uso, anakuwekea taulo la moto, anakukanda mabega. Mwanamume kwa mashine, msichana kwa sinki. Hakuna mahali sheria hiyo imeandikwa. Imesimama tu hapo kama nguzo ya jengo, na watu wanaizunguka wakienda zao.

Msichana wetu wa sinki alikuwa Nekesa. Nasema msichana kwa sababu ndivyo kila mtu alivyosema, lakini alikuwa mtu mzima mwenye mtoto wa shule. Alikuja pale akiwa na mashine yake mwenyewe ndani ya mkoba, maana alikuwa akinyoa watu Kawangware kwenye kibanda cha mabati, na alikuja kutafuta kazi ya kunyoa. Mzee Gathogo akamwambia aanze na sinki, kiti kikibaki wazi wataangalia. Miaka ikapita. Kiti cha dirishani, kile kilicho nyuma ya nguzo, kikabaki wazi, kinyozi wake alipoenda kufungua duka lake kule mjini Kikuyu. Wakaangalia. Wakaniona mimi.

Nekesa hakuulizwa kama anaweza.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Bwana Mwangangi. Anafanya kazi ya bima kwenye ofisi za karibu, anaishi Loresho, na huja saa ya chakula cha mchana. Alikaa, akafunga macho, akasema, "Punguza tu kijana, kila kitu namba moja," kisha akalala. Hakuwa anasinzia. Alilala kabisa, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyefika nyumbani. Nikawasha mashine, nikaiweka kisogoni. Hakuna aliyeniambia kwamba kile kichana cha plastiki, ambacho ndicho namba moja yenyewe, lazima kivishwe kwanza. Nikapanda nayo hadi juu ya sikio. Nilipotazama nyuma, nilikuwa nimelima barabara ya lami kichwani mwa mtu mzima.

Nilizima mashine. Oti, kinyozi wa kiti cha kwanza, mtu mrefu anayenyoa akiimba puani, alitazama kupitia kioo, akaona barabara, akarudi kwenye wimbo wake. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi ya kushuka ngazi bila sauti, na jinsi ya kuishi maisha yangu yote nikikwepa watu wa bima.

Nekesa akaja na taulo la moto. Akalilaza juu ya macho na pua ya Bwana Mwangangi taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. Mteja akashusha pumzi ndefu, akazama zaidi. Nekesa akaninyang'anya mashine bila kuniangalia.

"Simama hapa mbele," akaninong'oneza. "Akiamka, wewe ndiye kinyozi."

"Na wewe?"

"Mimi ni wa sinki, hujaambiwa?"

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mashine mikononi mwake haikulia kama yangu, ilinguruma chini chini kama paka. Alikunja sikio la mteja kwa kidole kimoja, akaifuta ile barabara kwa kushusha nywele za pembeni zote mbili kidogo kidogo, zikapungua kama giza linavyopungua alfajiri, bila mtu kujua linapoishia. Bwana Mwangangi alipoamka alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Akageuza kichwa huku na huku.

"Kijana," akasema, "umejifunzia wapi?"

Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Ni kipaji tu."

Ndivyo ilivyoanza. Bwana Mwangangi akarudi, akaleta wenzake wa ofisini. Tukawaambia kwamba kwetu taulo la moto linakuja kwanza, ndio mtindo mpya. Walikaa kwenye kiti cha dirishani, taulo likashuka, na wote walilala. Watu wazima wa Nairobi hawalali, nimegundua. Wanahitaji tu mtu awafunike macho mchana kidogo. Mimi nilisimama mbele nikisema "Kiongozi, inama kidogo," na Nekesa nyuma akinyoa, mikono yake ikiwa bado na maji ya sinki. Oti alikuwa mlinzi wetu. Mzee Gathogo ana duka la mabegi chini, na akipanda ngazi Oti angekohoa, Nekesa angenipa mashine, nami ningeendelea kunyoa hewa kwa ustadi mkubwa.

Nilijifunza mengi, na nawapa bure. Mashine ikipata moto, ipulizie spiriti, usiiguse kwa shavu kujaribu, nina alama. Kisogo cha mtu mwenye mikunjo kinavutwa kwa kidole gumba. Ukipiga laini ya mbele, pale juu ya paji la uso, usifuate laini ya kinyozi aliyetangulia, maana huenda alikuwa mimi. Nekesa alinifundisha haya yote jioni duka likiwa tupu, kwa kichwa cha Oti, ambaye alijitolea kwa sharti kwamba asiambiwe chochote mpaka tumalize.

Siku moja nilimuuliza Nekesa mbona asimwambie tu Mzee. Alikuwa anakunja taulo.

"Nimemwambia. Mara nyingi."

"Anasemaje?"

"Anasema yeye hana shida. Ati ni wateja watakataa." Akaonyesha kwa kidevu Bwana Mwangangi akikoroma. "Unaona vile wanakataa."

Likizo ikaisha. Mzee Gathogo akaniita, akanipa mkono kama mtu mzima, akasema, "Rudi shule usome. Kiti chako kitakungoja." Nilidhani ni maneno ya adabu tu.

Muhula huo tulifundishwa katiba. Mtihani ukauliza mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwa sababu yake kazini. Nikaandika jinsia, nikaandika ujauzito, dini, kabila na ulemavu, nikapigia mstari, nikapata alama zote, na mwalimu akasoma jibu langu mbele ya darasa. Wakati huo huo mjini, kiti cha dirishani kilikuwa kimefunikwa shuka, hakuna anayekikalia. Kinamngoja mtoto wa shule. Na aliyekuwa akikipangusa vumbi kila asubuhi alikuwa Nekesa.

Hayo niliyaona tulipofunga shule likizo iliyofuata. Shuka lilikuwa jeupe, jua limeliangukia, na kwa dakika nzima nilidhani kuna mtu amekaa chini yake. Nilipolivuta, hapakuwa na mtu. Sikufurahi vile nilivyodhani ningefurahi.

"Karibu, mkubwa," Nekesa akasema kutoka kwa sinki. Hakuwa anatania sana.

Tukaendelea kama kawaida, taulo, usingizi, mashine. Lakini juu yetu kulikuwa na fundi. Mzee Gathogo alikuwa amekodisha chumba kidogo ghorofa ya pili, kinapakwa rangi ya waridi, kinawekewa pazia na mlango wenye komeo la ndani. Wateja wanataka masaji ya kweli, alisema, si ya kusimama. Kitanda kikifika, Nekesa atahamia huko.

"Ni kupandishwa cheo," Mzee akamwambia mbele yetu. "Huko hakuna maji, hakuna kusimama."

Nekesa aliokota taulo, akarudi kwa sinki. Baadaye nilimkuta anasugua sinki ambalo tayari lilikuwa safi.

"Si ni afadhali?" nikauliza, kwa sababu nilikuwa mjinga na pia kwa sababu chumba kilikuwa na feni.

Akaacha kusugua. "Unamjua yule wa miwani, wa Jumamosi? Wiki iliyopita nikimuosha alinishika mkono hapa, akauvuta. Oti akageuka na wembe mkononi, akamuuliza kama kuna shida. Jamaa akaachilia, akacheka. Hapa kwa sinki mkono wa mtu ukipotea njia watu wote wanaona. Kule juu nani ataona?"

Mtihani wetu haukuuliza hilo.

"Kitanda kikiingia, mimi natoka," akasema. "Na mtoto wangu ako shule ya kulala, karo haijui mambo ya komeo. Kwa hivyo usinichekeshe leo, dogo. Nyoosha hizo taulo."

Tangu siku hiyo nilianza kusikiliza ngazi. Nilikuwa nikilala nyumbani Waithaka naota kitanda kikipanda ngazi chenyewe, miguu yake minne ikikanyaga polepole, kikiuliza kila mlango, ni hapa? ni hapa?

Kilikuja mchana wa Alhamisi, kikibebwa na vijana wawili wa mkokoteni. Bwana Mwangangi alikuwa kwenye kiti, taulo usoni, usingizini. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekamilika, mwingine bado. Nje mhubiri alikuwa amenyamaza kwa chakula. Ndani hapakusikika ila mashine na mvuke. Halafu tukasikia mbao zikigonga ukuta ngazini, na sauti ya Mzee Gathogo: "Pole pole, msinichunie rangi."

Oti akakohoa.

Nekesa akaninyooshea mashine, kama kawaida, bila kutazama. Mkono wangu ulijua la kufanya. Ulikuwa umelifanya mara nyingi kuliko unavyonawa. Lakini niliuona ukiinuka, kwenye kioo, na nyuma yake mikono mingine yote ya kijani ikiinuka kuchukua kitu kisicho changu, na nikauweka mfukoni. Wa pili pia.

"Shika," akasema.

"Sishiki."

"Wewe, shika."

"Ni yako."

Mlangoni kulikuwa na kitanda kimesimama wima, na kando yake Mzee Gathogo. Alitazama mashine mikononi mwa Nekesa. Alinitazama mimi na mifuko yangu. Aliitazama nguzo, kana kwamba inaweza kumweleza.

"Mbona umeacha?" Bwana Mwangangi akauliza kutoka chini ya taulo. Akalivuta mwenyewe, na kwenye kioo akatuona wote: mimi mbele yake nikiwa mikono mitupu, Nekesa nyuma na mashine inayonguruma.

"Samahani sana mheshimiwa," Mzee Gathogo akawahi. "Huyu ni wa sinki. Kijana atakumalizia sasa hivi."

Bwana Mwangangi akajipapasa kichwa, upande uliokwisha na upande uliobaki. "Kijana akinigusa, nitarudi ofisini hivi hivi nilivyo." Akamtazama Nekesa kwenye kioo. "Ni wewe siku zote?"

"Ni mimi."

"Hata ile siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza nilirekebisha. Alikuwa amekulima."

Oti alicheka puani, akajifanya anaimba. Bwana Mwangangi hakucheka. "Nyumba yangu Loresho ni kubwa," akasema polepole, "na tangu mama watoto aende, usingizi hauijui njia. Hapa ndipo ninapolala. Kumbe nimelala na huku nadanganywa." Hakuwa amekasirika na Nekesa. Alikuwa akinitazama mimi, na sikupata mahali pa kuweka uso.

"Lakini mheshimiwa," Mzee Gathogo akasema, "hapa tuna utaratibu. Wasichana ni sinki."

"Haya." Bwana Mwangangi akainuka na kitambaa chake shingoni, nusu kichwa, akatembea hadi kwa sinki, akakaa kwenye kiti kifupi kilichopo hapo, magoti yakamfika kifuani. "Basi nimekuja sinki. Mama, endelea."

Hapo ningepiga makofi, na huu ungekuwa mwisho mzuri. Lakini Nekesa hakusogea.

"Hapana," akasema. "Rudi pale, tafadhali. Mimi nikinyoa nanyolea kwa kiti." Halafu akamgeukia Mzee, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mzee, kitanda nimekiona. Juu siendi. Nipe kiti ama niende leo, na wewe ndiye utawaambia hawa kwa nini."

Kule mlangoni vijana wa mkokoteni walikuwa wamechoka. "Mzee, tupandishe ama tuweke hapa? Mkono unaniuma."

Mzee Gathogo si mtu mbaya. Anasali na mama yangu, na nimemwona akimshikia bibi mzee mwavuli mpaka Gikomba. Nadhani tu alikuwa hajawahi kutazama ile nguzo na kujiuliza ni nani aliyeijenga. Alisimama hapo, mvuke ukimzunguka miguu, wateja wote wakiwa wamegeuza vichwa vyenye povu. Bwana Mwangangi alikuwa amesharudi kwenye kiti cha dirishani na kufumba macho, akingoja.

"Kirudisheni," Mzee akasema.

"Wapi?"

"Kilikotoka. Mlango wenyewe ni mwembamba."

Mlango haukuwa mwembamba. Nekesa akachukua taulo jipya kutoka kwa sufuria, akalikamua, akamfunika Bwana Mwangangi macho, akamalizia upande uliobaki. Mashine ilinguruma ile ngurumo ya paka. Sijui kama Bwana Mwangangi alilala kweli siku hiyo. Alikoroma, lakini nadhani ilikuwa ni adabu.

Jioni nilimfuata Nekesa nikitarajia shukrani. Naandika hili ili nyinyi msirudie.

"Nani alikutuma?" akaniuliza.

"Nilitaka kukusaidia."

"Ungeniambia asubuhi. Ningekuwa nimejipanga, ningejua nasema nini. Wewe ukikosea unarudi shule. Mimi nikifutwa narudi wapi?"

"Pole."

"Pole ni sawa. Lakini usiwahi tena kuniamulia mambo yangu, hata ukiwa na nia nzuri. Mzee naye ana nia nzuri."

Hilo ndilo somo gumu kuliko yote niliyopata kazini, na halikuhitaji mashine.

Kuanzia hapo historia yangu ni ya ufagio. Kiti cha dirishani ni cha Nekesa, na si mambo yote yalinyooka. Wapo walioona anachukua mashine wakainuka na kitambaa shingoni, wakaenda kukaa kwa Oti. Yule wa miwani hakurudi, na hakuna aliyemtafuta. Nekesa alimwomba Mzee sinki liwe la zamu, watu wote, na Mzee akakubali bila kuelewa alichokubali, kwa hivyo sasa Oti anaosha vichwa Jumanne. Wateja wanalalamika kwamba mikono yake ni kama ya kufulia jinzi. Chumba cha waridi kimewekwa mabegi. Taulo la moto bado linakuja kwanza, lakini Nekesa humwambia mtu kabla ya kumfunika ni nani atakayemnyoa, na anayekubali hulala, na mchana kukiwa na jua wanalala watatu kwa mpigo, na mimi niliyekuwa kinyozi maarufu wa River Road nilikuwa nikipita kati yao na ufagio nikikusanya ndoto zao sakafuni, nyeusi na za kijivu, taratibu nisiwaamshe.

Siku ya mwisho Mzee Gathogo alinipa mkono tena. Hakusema chochote kuhusu kiti kuningoja. Nekesa aliniketisha dirishani, akaninyoa bila malipo, namba moja, na nikalala.

Haya yote niliyaandika hapa nyumbani Waithaka, mezani, nikampa mama asome kabla ya kuwaonyesha nyinyi. Alivaa miwani, akasoma ukurasa baada ya ukurasa bila kutabasamu hata pale pa barabara ya lami, ambapo nilikuwa nimepategemea sana. Alipofika mwisho alizipanga karatasi zikalingana, akanirudishia.

"Kwa hivyo kazi alifanya Nekesa," akasema, "halafu kumbukumbu unaandika wewe."